Tshukudu ya dhahabu na majina yenye hayajaandikwa

Wana Goma, ndugu na dada, wenye muko ndani ya muji na wenye vita imewatupa mbali,

Kuna mabishano yenye yanarudi kila mara kati yetu vijana, na safari hii tumeamua kuyaandika. Ni juu ya ile sanamu ya Rond-point Tshukudu. Wamoja wanasema ibomolewe: ni kitu cha utawala wa zamani, kilizinduliwa na Joseph Kabila mwaka 2009, na mutu mwenye inamuheshimu hajapata faida hata ya franga mia. Wengine wanasema musiiguse, njo kitu peke yake tuko nacho. Mugeni akifika Goma mara ya kwanza, picha ya kwanza anatuma kwao ni ya ile Tshukudu. Hata wewe mwenye unasoma, fungua simu yako uangalie. Iko.

Sisi tunasema ibaki. Lakini hatutaki ibaki peke yake, na hatutaki ibaki na ile kazi imepewa hadi leo, ya kupendeza macho tu.

Kwanza tukumbushane tshukudu ni nini, juu kuna wadogo wetu wenye wanaijua zaidi ku sanamu kuliko ku barabara. Ni mbao. Mbao ngumu ya mukaratusi mara nyingi, magurudumu mawili ya mbao yenye yamevikwa mpira wa tairi ya gari, na usukani wa mbao kama pembe za ng'ombe. Urefu wake mita mbili hivi, na kuna kubwa zaidi. Inabeba kilo 400 na kupita. Haina mota, haina mafuta, haina pedali. Ku mupando unasukuma na kifua chote. Ku mushuko unapiga goti moja juu ya mbao, unashika usukani, na mambo mengine unamuachia Mungu. Fundi mwenye anajua kazi anaimaliza kwa siku moja mpaka tatu. Ilianza kuonekana kwetu miaka ya 1970, wakati uchumi wa Mobutu ulianza kuoza. Hakuna mhandisi wa Kinshasa aliichora, hakuna mradi wa wazungu uliileta na ubao wa kusema nani amelipa. Mutu wa Kivu alikuwa na mzigo, barabara ilikuwa mawe matupu, serkali haikuwako: akashika shoka, akachonga.

Tangu pale, karibu kila kitu chenye tulikula kilipita juu ya hizo mbao. Makala, viazi, mashu, vitunguu na maharagi kutoka Kibumba, Rugari na Rutshuru. Mbao za kujengea nyumba. Mawe. Mitungi ya maji, na hapa tunaweza kusema mengi, sisi watu wa muji wenye unalala pembeni ya ziwa Kivu na bado mama anaamka saa kumi ya usiku kutafuta bidoni mbili. Na wakati wa kukimbia, tshukudu ilibeba godoro, sufuria, koko mwenye hawezi kutembea. Kila mara vita ilishuka kutoka upande wa Rutshuru ao Masisi, mutu aliona tshukudu zimejaa vyombo vya nyumba zinateremka, alijua. Haikuwa lazima redio imwambie.

Basi sanamu ya mutu kama huyu si kitu kidogo. Inchi yetu haina bahati na sanamu. Mobutu alishusha wazungu wa shaba wa Kinshasa, na mwezi wa pili 2005 waziri mumoja akamrudisha Leopold II barabarani juu ya farasi wake; alisimama masaa tu, wakamuondoa. Ukizunguka inchi, wenye wako juu ya mawe ya heshima ni raisi, jenerali, shujaa wa chama. Lumumba, sawa, huyo alistahili. Lakini ni muji gani uliweka juu, kwa rangi ya dhahabu, mutu wa kubeba makala?

Tuangalie hata kwa majirani. Dar es Salaam, katikati ya mji, kuna Sanamu ya Askari, imesimama pale tangu 1927. Nairobi na Mombasa wako na ndugu zake. Waingereza waliziweka kwa kukumbuka Waafrika wenye walikufa ku vita ya kwanza ya dunia upande huu wetu, na ku mawe waliandika, hata kwa Kiswahili, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini simama pale Dar, inua macho: mwenye yuko juu ni askari na bunduki yake. Mupagazi alibaki ku maandishi, chini. Alibaki pia ku jina la soko, Kariakoo, lenye limetoka ku Carrier Corps, kile kikosi cha wabeba mizigo wenye walikufa kwa makumi ya maelfu. Upande wetu, Wabelgiji walipoenda kukamata Tabora, mwezi wa tisa 1916, jeshi lilianzia huku Kivu, na mizigo yake haikutembea peke yake. Wazee wa wazee wetu waliibeba ku kichwa. Wenye walibaki njiani hawana sanamu, hawana maandishi, hawana hata soko.

Goma ilifanya kinyume. Ilimutoa mubeba mizigo chini, ikamupandisha juu kwenye kulikuwa kunakaa askari. Kwa hiyo tunawaambia wenzetu wenye wanataka kubomoa: hapana. Kabila alikata utepe, lakini utepe si sanamu. Leo mutu akikuambia "tukutane Tshukudu", hafikirii raisi yeyote. Ile sanamu imetoka mikononi mwa wenye waliiweka, na hakuna wengi wenye wanakumbuka hotuba ya siku ile. Sisi wenyewe tulikuwa bado ku shule ya musingi.

Lakini kuna kitu kinatusumbua, na tukiseme wazi.

Kwa kawaida mutu anajengewa sanamu wakati kazi yake imekwisha. Ao amekufa, ao vita yake imeshinda, ao kizazi chake kimepita. Mutu wa tshukudu alijengewa angali hai, angali na mzigo, na asubuhi ya kesho yake alirudia mupando ule ule. Tumeona kwa macho yetu kijana anasukuma mifuko ya makala, anafika karibu na ile sanamu, na mwenye kofia anamufukuza barabarani juu eti anachafua muji na anazuia magari. Anaombwa karatasi. Hana karatasi. Anaombwa franga. Na juu yake ndugu yake wa dahabu anaangalia mbele, hana mutu wa kumuomba kitu. Tusicheke. Ao tucheke kidogo, tuendelee.

Muji umebadilika pia. Lami ilikuja ku barabara kubwa, na pamoja nayo zikaja pikipiki, kisha zile pikipiki za magurudumu matatu zenye zinabeba mzigo wa tshukudu mbili kwa nusu ya muda. Nyumba za ghorofa zilipanda juu ya lava. Viwanja vya pembeni ya ziwa vilipata bei yenye hata mwalimu wa chuo kikuu hawezi kuitaja bila kukohoa. Mutu wa tshukudu alisukumwa pole pole ku pembeni, ku barabara za mawe, ku kartie zenye lami haijafika. Muji ulifanya kama vile unamuaga: asante papa, tumekuwekea sanamu, sasa pisha magari.

Kisha mambo yakageuka. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 iliposhika Goma mara ya pili, benki zimefunga milango na ndege za abiria hazitui. Franga ni chache, na zenye ziko zimechakaa mpaka mama wa soko anazikataa. Muji wenye ulikuwa unajisikia karibu kuwa muji mukubwa umerudi kuhesabu kila usafiri. Na nani anaonekana tena ku barabara? Yeye. Hakungoja benki ifunguliwe. Kwa hiyo wenye walisema ile sanamu ni kumbukumbu ya kitu cha zamani walikosea hesabu.

Hapa tunafika kwenye sisi wenyewe, sisi wenye diplome.

Wengi wetu tuko na miaka 24, 25, 26. Tulisoma droit, uchumi, afya ya jamii, informatiki. Wazazi waliuza shamba, waliuza ng'ombe, mama aliuza lengalenga ku meza kwa miaka mitano ili tuvae ile toge ya siku moja na tupige picha. Leo mumoja anauza mayunite, mwengine anaendesha pikipiki ya mutu, mwengine anajaza fomu za miradi yenye ilikwisha. Na kila mahali tunaambiwa neno lile lile: mujikaze. Mashirika yanatusifu kwamba watu wa Goma ni wagumu, hawavunjiki. Wakubwa wanatuonyesha sanamu: muone mutu wa tshukudu, yeye hakungoja serkali! Tumesikia hiyo hotuba mpaka tumeijua kwa moyo. Mukongomani yeyote anajua Artikle 15, ile haijaandikwa ku katiba ya leo lakini njo inafuatwa kuliko zote: kila mutu ajipange. Kuna siku tunaiangalia ile Tshukudu na tunaona Artikle 15 yenye imepakwa dhahabu.

Hatari ya sanamu iko pale. Inamushukuru mutu kwa kuvumilia kitu chenye hakupashwa kuvumilia. Barabara ya Goma na Rutshuru ingekuwa barabara, je, kijana angepiga goti juu ya mbao na kilo 400 nyuma yake akishuka Kibumba? Uhodari wake ni wa kweli, hatuupunguze. Lakini uhodari huo uliziba tundu la serkali kwa miaka karibu 50, na siku serkali ilipokuja kulipa deni ilileta rangi.

Na dhahabu yenyewe! Mashariki ya Kongo inatoa dhahabu ya kweli, inavuka mipaka usiku na muchana, na yenye inabaki kwetu ni ya sanamu. Tuishie hapo, hilo ni andiko lingine.

Tuliahidi kusema kwa nini haifai ibaki peke yake. Tembea Goma kutoka uwanja wa ndege mpaka ziwa, utafute mahali pamoja, pamoja tu, penye muji umeandika majina ya watu wake wenye walikufa kwa wingi. Kuna makaburi, ndiyo. Kuna misalaba ya familia. Lakini mahali pa wote, penye mtoto anaweza kusimama na kusoma? Na hii ni Goma, yenye kila kizazi kimezika kwa haraka.

Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia huku kwa siku chache. Kipindupindu na magonjwa mengine yakaua karibu watu 50,000 kwa muda wa mwezi hivi. Jembe halikuingia ku ardhi, juu ardhi yetu ni jiwe la volkano. Askari wa Ufaransa walichimba na mashine, na miili ilisukumwa mule. Wazee wetu wako na picha hizo ku kichwa hadi leo na hawazizungumzi wakati wa kula. Kuna nyumba leo karibu na mahali pale, kuna maduka, kuna watoto wanacheza mupira.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka ikapasua muji katikati, ikala maduka, ikala kathedrali, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ku ziwa. Wengi wetu tulikuwa mgongoni kwa mama, tukivushwa mpaka kwenda Gisenyi. Wenye walikufa walipita mia moja. Na muji ulifanya nini? Ulirudi kwa siku chache, watu wakatembea juu ya mawe yenye yalikuwa bado ya moto, wakaanza kujenga pale pale. Tunajivunia hilo, na ni haki. Lakini maana yake pia ni hii: tunatembea juu ya vyumba vya watu. Jiwe lenye liko ku msingi wa nyumba yako, lenye liko ku ukuta wa kiwanja chako, ni lile lile. Pengine hakuna muji mwengine wenye umejengwa na kitu chenye kiliuua, na hakuna mahali umeandika nani aliuawa.

Mwezi wa kumi na moja 2012, M23 iliingia mara ya kwanza, ikakaa siku 11. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano tena: lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu kugusa uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya muji ikaambiwa ihame, watoto wakapotea njiani kati ya hapa na Sake.

Tarehe 30 mwezi wa nane 2023, hapa Goma, askari wa jeshi la inchi yetu walifyatulia risasi raia wenye walikuwa wanajiandaa kuandamana. Zaidi ya watu 50 walikufa. Askari walifika mbele ya tribinali, ndiyo, na hukumu ilitolewa. Lakini mahali pale wapita njia hawaoni kitu. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024, mabomu yalianguka ku kambi za wakimbizi karibu na Mugunga. Watoto wengi kati ya wafu. Na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025... Umoja wa Mataifa ulizungumzia karibu maiti 3,000. Tunaandika hiyo nambari na tunaona haisemi kitu. Wengi walizikwa na watu wa Musalaba Mwekundu bila jina, juu nyumba za maiti zilijaa na umeme haukuwako. Wanawake wa gereza la Munzenze, zaidi ya mia moja, waliungua ndani, wamoja na watoto wao. Wiki mbili hazijapita, wakimbizi wenye walikuwa wamebaki ku kambi waliambiwa wabomoe vibanda waende. Walifunga mashitingi. Na nani aliwabebea vyombo? Munajua.

Umeona vile orodha hii haiko na upande mumoja. Kuna wenye waliuawa na mulima, kuna wenye waliuawa na ugonjwa, kuna wenye waliuawa na waasi, kuna wenye waliuawa na bunduki yenye ushuru wa mama zao ulinunua. Kuna Wanyarwanda ndani yake pia, ndiyo, wa 1994, na tunajua kuna wenye hawatafurahi kusoma hivyo. Hapo njo shida inaanza, na njo sababu hakuna serkali yenye itafanya kazi hii. Kila utawala unataka kukumbuka wafu wenye adui aliua, na kusahau wake. Kinshasa itajenga mnara wa wenye waliuawa na M23. Haitaandika 30 Agosti. Wenye wanashika muji leo wataandika wanavyotaka, na hawataandika mwezi wa kwanza 2025. Ukingoja mutu mwenye mikono safi akate utepe, utangoja.

Kuna mwenzetu aliuliza, na swali lake ni la haki: watu wana njaa, benki zimefunga, na nyie munazungumzia mawe? Tulizungumza naye muda mrefu. Jibu letu si kwamba kumbukumbu inashibisha. Ni hili: kila mara muji huu uliua watu wake ao ukaachia wauawe, nambari ilianza kubishaniwa kesho yake. Walikuwa 43, hapana, ni zaidi ya 50. Walikuwa 700, hapana, 2,000, hapana, 3,000. Wenye wanabishana ni wasemaji wa jeshi na wasemaji wa mashirika, na familia inakaa kimya ku matanga. Nambari inapunguzwa kwa urahisi, mutu mumoja na kalamu anatosha. Jina lenye liko na avenue yake, tarehe yake na jirani mwenye anamufahamu, kulifuta ni kazi. Siku ya haki ikifika, hata ikichelewa miaka 20, jaji ataomba majina. Kama hayako, ataandika kwamba hakukuwa kitu.

Kwa hiyo pendekezo letu. Hatutaki sanamu ya pili. Tunasema hivyo hata kwa wenzetu wa sanaa, wenye tayari wamechora mama analia na njiwa juu ya mukono. Samahani, yaya, ni nzuri, lakini hapana. Sanamu kubwa inaomba fungu, fungu linaomba mukubwa, mukubwa anaomba utepe, na tunarudia 2009. Tunataka majina, chini ya ile Tshukudu yenyewe, kuzunguka miguu yake, ku mawe ya lava. Mawe hatutanunua: yako kila mahali, kila siku yanatoboa kambambili zetu. Yakatwe, yalainishwe upande mumoja, yawekwe chini kabisa, kwa urefu wenye mtoto wa miaka sita anagusa na mukono. Jina, avenue, tarehe. Bila kabila, bila cheo, bila kusema nani alikuwa wa nani. Wenye hawakutambuliwa, jiwe lenye halina maandishi, kila mumoja lake, tusiwaweke wote ku jiwe moja la "wasiojulikana" kama vile walikuwa mutu mumoja.

Na mutu wa tshukudu awemo. Tunajua wenye walikufa ku mushuko wa Kibumba, mbao zilivunjika, ao kamyo iliwapitia juu. Hao hawakuuawa na vita wala na mulima, na hakuna shirika limewahi kuwahesabu. Lakini muji ulisema unawaheshimu. Basi uanze kwa kuandika mumoja.

Tunajua leo hatuwezi kwenda kushika nyundo ku rond-point. Hatumutume mutu yeyote pale, na mwenye atasikia mwito wa kukusanyika mahali pale kwa jina letu ajue si sisi. Mawe yatangoja, yamezoea. Majina hayangoji: mama mwenye alizika mwanawe 2002 anazeeka, jirani mwenye aliona 2023 amehamia Kampala ao Nakivale, mutoto mwenye alipona Munzenze atasahau uso wa mama yake.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni ya daftari. Daftari la shule, kalamu, basi. Kila mumoja aanze na avenue yake, si muji wote. Nenda kwa wazee, nenda na heshima, usiende na simu imewashwa ku mukono. Ukipewa chai kunywa, usiharakishe. Uliza jina lote, la baba na la ubatizo, juu tuko na akina Baraka na akina Furaha wengi sana. Uliza tarehe, kama hawajui tarehe, uliza ilikuwa mbele ao nyuma ya volkano. Uliza alikuwa anafanya kazi gani. Usiandike majina ya wenye wako hai, usiandike nani amekuambia, na usitume kitu chochote ku maoni ya ukurasa huu wala ku makundi ya WhatsApp. Fanya nakala mbili, moja ikae nje ya nyumba yako.

Tayari kuna wenye wameanza, Majengo na Birere. Avenue moja ya Birere yenye haina hata mita 200 imefikia majina 19, na bado kuna viwanja vinne havijaulizwa.